Pumzi ya Bwawa la Zombe

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Kanini, msimamizi wa bwawa la maji taka la kichinjio, huweka kiganja juu ya kompresa na kusikiliza mtetemo wake. Leo kiganja kilikuta chuma baridi.

"Musyimi! Nani amezima?"

Mlinzi wa kichinjio alitoka na kikombe chake. "Si ni ule mkutano wa injili, madam. Pasta alisema mashine inashinda kwaya kwa kelele. Nikazima Ijumaa. Nayo ipumzike, hata Mungu alipumzika."

"Lakini..." Akahesabu siku: Ijumaa hadi leo Jumatatu. Wikendi hiyo alikuwa kwao Kasikeu.

Ndani ya mashine ile mna skrubu mbili nene zinazozunguka zikielekeana bila kugusana. Hewa hunaswa kwenye mifereji yao, ikabanwa kidogo, ikasukumwa mbele. Si nguvu ya kujaza gurudumu la lori. Ni presha ndogo, ila hewa nyingi, bila kukoma. Chuoni alifundishwa kwamba kompresa za aina hiyo hupuliza saruji hadi kwenye maghala, na unga viwandani. Hapa ilipuliza hewa chini ya bwawa la maji ya damu, ili bakteria wanaokula uchafu wapate kupumua. Maji yaliyosafika yalitelemka hadi mto wa mchanga, ambako watu huchimba mashimo kupata maji ya kunywa.

Musyimi alibonyeza swichi. Mashine ikanguruma, mapovu yakapanda, meusi, na harufu ya mayai viza.

"Si unaona? Imeamka!"

Ndiyo, imeamka. Bakteria waliokuwa wakiipumua hewa yake ndio waliokufa. Kukuza wengine kungechukua wiki nyingi, na bwawa lilikuwa limejaa, likimwagikia mtaroni. Akampigia simu Salat, mwenye kichinjio.

"Nisimamishe kuchinja? Dada, ng'ombe wa Yarow wako getini. Nimwambie arudi nao Garissa kwa sababu bakteria wamekufa?"

"Sawa," alisema Kanini, akakata simu. Akaufuata mtaro hadi mtoni.

Kavindu, mama aliyempangishia chumba, alikuwa amepiga magoti kando ya shimo mchangani, akichota kwa kikombe na kujaza mtungi.

"Umekuja kunisaidia ama kunikagua?"

"Mwaitu," Kanini alimwita, yaani mama kwa Kikamba, "maji yako aje leo?"

"Yananuka kidogo. Nitachemsha."

"Ni vizuri... kuchemsha."

Juu kidogo ya shimo, pale mtaro ulipomalizikia, doa jeusi lilikuwa likienea mchangani. Kanini aliligeuzia mgongo, kisha akaligeukia tena.

"Na huo uso ni wa nini?" Kavindu alimcheka. "Mashine imekufa? Watatengeneza, mtoto wangu."

"Mashine iko sawa."

"Basi?"

Kavindu aliinua mtungi kuuweka mgongoni. Kanini akaushika kwa mikono yote miwili.

"Usinywe, mwaitu. Hata ukichemsha, usinywe. Maji ya kichinjio yameingia hapa, na sijui mahali pengine pa kukutuma."