Kiangazi Alichobaki Nyumbani

Fundi saa wa mtaa wetu aliitwa Dakika, jina alilobandikwa na wateja, naye hakulipenda wala hakulikataa. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo kuukuu. Humo aliketi miaka thelathini na moja, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akichokoa matumbo ya saa kwa kibano kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mkewe alifundisha jiografia shule ya sekondari. Huyo kila mtu alimwita Mwalimu, hata mumewe, hata mama yake mzazi alipotaka kumtania.

Mwalimu alikuwa amefundisha habari za milima, majangwa na bahari za dunia nzima bila kuvuka mpaka hata mmoja. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la maporomoko ya maji. Kila mwaka aliyachora ubaoni yale makubwa yaliyo nchi ya mbali: mwamba mgumu juu kwa chaki nyeupe, mwamba laini chini kwa chaki ya kahawia, na mishale ya kuonyesha jinsi maji yanavyoula ule wa chini mpaka ule wa juu ukose pa kuegemea. Mwaka mmoja mwanafunzi wa dawati la mbele akamwuliza kama amewahi kuyaona kwa macho yake. Darasa likacheka. Alipomsimulia mumewe jioni hiyo huku akiosha vikombe, Mwalimu naye alicheka, lakini kikombe kimoja alikiosha mara tatu.

Ndipo alipokata shauri la kusafiri. Tatizo lilikuwa wakati. Likizo ndefu ya shule ilikuwa moja tu, wiki sita katikati ya kiangazi, jua likiwa la utosi na watalii wakiwa kama siafu. Kwa miaka mingi Dakika alikuwa na jibu moja: joto, foleni, msongamano, tungoje mwaka kesho. Safari hii Mwalimu alikuja na karatasi mkononi. Siku tisa, kundi la watu ishirini na wanne, basi lenye kiongozi wa watalii. Wangeona mji mkongwe, daraja la mawe, makumbusho mawili, na siku ya sita maporomoko yenyewe. Dakika aliisoma karatasi mbele na nyuma, akashindwa kupata kasoro, akakubali. Walikwenda kupiga picha za pasipoti. Yake ilitoka kama ya mtu anayetafutwa na polisi, nao wakaicheka wiki nzima.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, ofisa wa manispaa aliinama akaingia kibandani. Jengo la manispaa lilikuwa likikarabatiwa, na walitaka saa ya mnarani itembee siku ya kulifungua upya. Saa ile ilikuwa imesimama kwenye saa kumi na dakika kumi kwa miaka kumi na tisa. Dakika alipita chini yake kila asubuhi na kila jioni, na kila mara aliona kana kwamba anatukanwa yeye binafsi. Mara mbili aliwahi kuandika barua kuomba apewe kazi hiyo, na mara zote mbili hakujibiwa. Sasa walikuwa wakimwomba wao. Lakini kazi ilitakiwa ifanyike katika wiki zilezile za safari, na kama hakuwa na nafasi, wangemwita fundi kutoka mji mwingine.

Alisema ndiyo kabla yule bwana hajamaliza kuzungumza.

Njiani kurudi nyumbani alijiambia atamweleza mkewe jioni hiyohiyo. Aliyapanga maneno vizuri. Alipofika, Mwalimu alikuwa jikoni anasikiliza redio, na redio ilikuwa ikisema kwamba huko wanakokwenda joto limepanda kupita kiasi, na wazee wawili wamezimia kwenye foleni ya makumbusho.

"Utaliweza joto hilo na hiyo presha yako?" Mwalimu aliuliza.

Presha yenyewe ilikuwa ndogo tu, ya kidonge kimoja asubuhi. Lakini swali lilikuja kama mlango uliofunguliwa na mtu mwingine, na Dakika akapita.

"Nimepita kwa daktari leo," alisema. "Amenikataza."

Hakuwa amepita kwa daktari yeyote. Mwalimu alizima redio, akavuta kiti, akaketi. Akasema basi, haendi mtu, afya kwanza. Alilisema bila kinyongo. Hapo ndipo Dakika alipaswa kumwaga mtama. Badala yake alianza kumsihi aende, aende na mdogo wake, msusi wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa anatafuta pa kupumzikia na ambaye mdomo wake usingemwacha dada yake aone upweke. Alisihi kwa bidii kiasi kwamba Mwalimu aliona ni upendo. Na ulikuwamo upendo, hilo asinyimwe. Ila haukuwa peke yake.

Mwalimu alichukua siku tatu kuamua. Siku ya kwanza alisema kumwacha mgonjwa nyumbani ni aibu. Siku ya pili alisema mwaka kesho si mbali. Siku ya tatu alikuja hadi kibandani, jambo ambalo hakulizoea, akasimama mlangoni akiwa na rundo la madaftari ya wanafunzi kifuani.

"Niambie ukweli. Nikienda, utakuwa salama?"

"Nitakuwa salama."

Huo angalau ulikuwa ukweli. Shemeji mtu akapewa nafasi, na mambo ya karatasi yakarekebishwa.

Mwalimu aliondoka akiwa ameandika maagizo na kuyabandika kwenye mlango wa friji: kidonge saa ngapi, maji glasi ngapi, asipande ngazi bila sababu. Siku hiyohiyo Dakika alipanda ngazi mia moja na kumi na mbili za mnara, akiwa na mfuko wa vifaa begani, na moyo wake ulidunda kwa furaha kama wa kijana. Alikuta viota vya njiwa ndani ya magurudumu ya meno, kutu kama magamba ya samaki, na fito za chuma zilizopinda. Alifungua kila kitu. Alisugua, akapaka mafuta, akachonga upya meno mawili yaliyovunjika. Hakuwa amewahi kufanya kazi nzuri kama ile, wala hakuifanya tena baadaye.

Mkewe alipiga simu kila siku mchana na jioni. Dakika alipokea huku akiwa amekaa kati ya njiwa, akasema amelala, amejipumzisha, anakunywa maji. Siku moja nyundo ya kengele ilimponyoka ikagonga, na mnara mzima ukalia. Mwalimu akauliza ni nini hicho. Akamwambia jirani anatengeneza bati. Mwalimu akasema jirani huyo hana adabu, kuna mgonjwa. Simu ilipokatika, Dakika alicheka peke yake, kisha kicheko kikaishia njiani.

Siku ya sita simu ililia mchana kama kawaida. Alishangaa kidogo, kwa kuwa ile ndiyo siku ya maporomoko. Mwalimu akasema ratiba imebadilika. Dakika alikuwa ameshikilia akrabu kubwa ya saa kwa mkono mmoja, rangi bado mbichi, hivyo hakuuliza zaidi.

Saa ilianza kutembea siku ya kufungua jengo, mbele ya watu. Walipiga makofi, mkuu wa manispaa akamshika mkono, picha ikatoka gazetini. Dakika aliliweka gazeti mezani sebuleni. Alikusudia mkewe akifika amweleze yote, aombe radhi, wacheke. Aliamini kabisa kwamba watacheka.

Walirudi Jumapili adhuhuri, wamebabuka kwa jua, shemeji akisimulia tangu mlangoni. Mwalimu alimsalimu mumewe, akamtazama usoni kwa muda, akaenda kuoga. Shemeji akabaki sebuleni akipepea kwa gazeti lilelile bila kulisoma.

"Shemeji, wewe una bahati ya mke," alisema. "Siku ya maporomoko basi lilinguruma, watu wote wamo, dada akashuka. Kule bondeni mtandao haushiki. Alisema, mume wangu akizidiwa nani ataniambia? Nilimwomba mpaka nikachoka. Amekaa chumbani mchana kutwa, simu mkononi. Sisi tumerudi tumelowa chapachapa, yeye yuko palepale kwenye ukingo wa kitanda."

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Ya Dakika hayakusubiri hata kupata mtoto. Shemeji aliaga, akachukua begi lake, akaenda zake.

Mwalimu alitoka bafuni na kanga mabegani, akaketi upande wa pili wa meza.

"Saa ya mnara inatembea," alisema.

"Inatembea."

"Tumepita pale na teksi. Niliposhuka kununua maji, muuza magazeti akanisimamisha anipe hongera." Aligusa gazeti kwa kidole. "Ungeniambia tu. Ningekwambia baki ufanye kazi yako, unaitaka tangu tujuane. Nami ningekwenda moyo mweupe."

Dakika alisema nisamehe. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea daftari lililochelewa. Hakupandisha sauti wala hakununa. Alifungua sanduku, akaanza kutoa nguo, na kati ya nguo akatoa zawadi yake: kipimo cha presha cha kufunga mkononi, kipya, ndani ya boksi lake. Akakiweka mezani juu ya gazeti, akaendelea kukunja.

Maisha yakaendelea. Hawakuwa watu wa kugombana, wakala, wakalala, wakacheka mambo mengine. Lakini Mwalimu aliacha kumwuliza mumewe kitu alichozoea kumwuliza kila siku: anajisikiaje. Akisema kichwa kinamwuma, alimpa dawa. Hakumwuliza tangu lini. Dakika aliliona pengo hilo, akajua ni nani aliyelichimba. Saa ya mnara nayo ilitembea miezi minane, ikasimama. Manispaa hawakumtuma mtu kuipaka mafuta, na njiwa walikuwa wamerudi. Safari hii hakuandika barua.

Kiangazi kilichofuata alitaka waende wawili. Mama mkwe akavunjika nyonga, likizo nzima ikaishia wodini, kumwuguza na kumpeleka chooni. Kilichofuata hicho, bado mama mkwe alikuwa anajifunza kutembea. Kilichofuata tena, magoti ya Mwalimu yakaanza: miaka thelathini ya kusimama ubaoni ilikuja kudai haki yake. Mwaka wa nne Dakika alipiga moyo konde, akaandika majina yao wawili, akafunga kibanda.

Walikwenda na kundi jingine, joto likiwa lilelile. Mwalimu aliufurahia mji mkongwe akiwa kwenye benchi, na makumbusho akiwa kwenye kiti cha magurudumu walichoazimwa mlangoni. Siku ya sita basi liliwafikisha kwenye maporomoko. Ngurumo yake ilisikika tangu maegesho, lakini hayakuonekana. Miti ilikuwa imeyaficha, na ngazi za kushukia zilikuwa mia tatu na zaidi, nyembamba, zimelowa. Mwalimu aliteremka saba. Akasimama, akashika chuma cha pembeni, akageuka.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nitakaa pale kivulini."

Dakika alikataa. Mwalimu akamwambia asijifanye mtoto, aende aone, aje amsimulie. Mumewe akashuka. Alikaa kule chini dakika kumi, manyunyu yakampiga usoni, akaona maji mengi meupe na watu wakijipiga picha. Akapanda tena, akihema.

Mwalimu alikuwa na maswali. Mwamba wa chini umeliwa kiasi gani, kuna kama pango nyuma ya maji? Tabaka zinaonekana? Mawe yaliyoporomoka yamelala upande gani? Dakika alitazama viatu vyake. Hakuwa ameangalia hata kimoja. Alijua tu kwamba kulikuwa na kelele.

Akashuka mara ya pili. Kiongozi wa watalii alimwita, hakugeuka. Aliangalia safari hii kama anavyoangalia saa iliyofunguliwa, sehemu kwa sehemu. Aliporudi, shati limegandamana na mwili, alisema: juu mwamba mweusi, mzima. Chini yake mwekundu, una mistari, umeliwa ndani kiasi cha chumba chao cha kulala, labda zaidi. Mawe makubwa yamelala kushoto, na moja limepasuka katikati.

"Ndivyo," alisema Mwalimu. "Ndivyo ninavyochora."

Alitabasamu, na Dakika akaona kwamba tabasamu lile lilikuwa la mtu aliyeletewa barua, si la mtu aliyefikiwa na mgeni. Akaketi kando yake kwenye benchi.

"Mwaka ule magoti yako yalikuwa mazima," alisema. "Ungeshuka ukikimbia. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile." Mwalimu alimpa chupa ya maji. "Lakini msamaha haunipi magoti, mume wangu. Kunywa, umeiva kama nyanya."

Akanywa. Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo, pale wala nyumbani. Watu wa kundi walianza kupanda kutoka bondeni, wamelowa, wakicheka na kuonyeshana simu. Kiongozi alihesabu vichwa. Dakika alimshika mkewe kiwiko, akampandisha ngazi tatu za basi, moja baada ya nyingine, akamketisha kiti cha dirishani. Dirisha lilikuwa upande wa maegesho. Basi likageuza, likaingia barabarani, na kwa kitambo bado walikuwa wakiisikia ile ngurumo.