Alama ya Mwanzo

Mbele ya foleni ya wazazi, mama mmoja aligonga dirisha la ofisi ya mitihani hadi kioo kikatetemeka. "Mwanangu hajaiba mtihani! Hicho kituo cha wizi hata hakijui!"

"Akate rufaa," mkuu wa ofisi alijibu bila kuinua macho. "Kompyuta imemkamata."

Kimya, ndivyo walivyomwita binti wa kompyuta kwa upole wake, aliinuka kitini. Kompyuta haikumkamata mtu. Walioiba ni wa kituo namba 31, na yeye ndiye aliyeandika amri ya kutafuta kwenye hifadhidata namba zote za watahiniwa zinazoanza na 31. Mkuu, kwa haraka zake, akaifuta ile alama ndogo ya mwanzo, inayoiambia kompyuta itazame mwanzo wa namba tu, eti inamchosha macho. Basi amri ikazoa kila namba yenye 31 popote pale, iwe katikati au mwishoni, na watoto chungu nzima wakafutiwa matokeo.

"Mkuu, nimekueleza tangu asubuhi kwamba tumekosea," Kimya alisema.

"Tukikiri leo tutachekwa mji mzima. Kaa chini, binti."

Hakukaa. Aliirudisha alama, akaendesha amri upya, kisha akaigeuza skrini kuelekea dirishani. "Mama, nisomee namba ya mwanao."

Mama akaisoma. Kwenye orodha ya wezi haikuwemo tena.

"Umeniaibisha mbele za watu!" mkuu alifoka.

"Walioaibishwa ni watoto, mkuu," Kimya alisema, na safari hii hakuinamisha kichwa. "Mama, waite na wazazi wengine."