Mtihani wa Langoni Llwyncelyn

Magoti ya Meinir yalikuwa yamegoma kupanda mlima, kwa hiyo shamba lake la huku Wales lilikuwa linauzwa. Lakini aliweka sharti moja, na Eurig, dalali wake, alishalichoka. Anayetaka kununua asimame kwanza langoni alitaje jina la shamba sawasawa: Llwyncelyn. Akishindwa, apewe chai na kipande cha mkate wa zabibu, aende zake.

Waingereza saba walikwisha kunywa chai hiyo. Maskini, si kwamba hawana ndimi. Sauti ile ya mwanzo inataka ncha ya ulimi ibanwe nyuma ya meno ya juu, pumzi ipenye pembeni, na mate kidogo yasiogopwe. Mwingereza anaogopa mate. Anaona haya kukosea mbele za watu, basi anaikwepa sauti yenyewe, anaparamia L ya kwao, na kuanzia hapo ni kuporomoka tu mpaka mwisho wa neno. Meinir aliyajua hayo yote, ndiyo maana mkate wenyewe alikuwa akiwakatia kabla ya mtihani, wajaribu wakiwa na makombo mdomoni. Mjane wa miaka sabini na minane hapati burudani nyingi.

Lakini chini ya utani huo palikuwa na hofu. Huku Wales mashambani mtu huitwa kwa shamba lake, maana jina la ukoo unaweza kulikuta kwa nusu ya kijiji. Mumewe aliishi na kufa akiitwa Iorwerth Llwyncelyn, na hivyo ndivyo lilivyochongwa jiwe la kaburi lake. Mashamba mawili ya jirani yalishabandikwa majina ya Kiingereza. Hili nalo likibandikwa, Iorwerth atabaki kuwa mtu wa mahali pasipokuwapo.

Wa nane, bwana mmoja aitwaye Denham, aliukataa mkate, akakohoa, akalitaja jina utadhani kazaliwa zizini hapo. Alikuwa amejifunza kwa mwalimu mwezi mzima. Eurig nusura apige makofi. Meinir mwenyewe alishatia mkono mfukoni kutafuta funguo, ndipo akamwona mgeni anapima kibao cha lango kwa tepu.

"Unapima nini?" akamuuliza.

"Kibao kipya, mama. Jina lenu zuri sana, ila wageni wangu wa likizo hawataliweza. Tutaweka la Kiingereza, jepesi jepesi."

Meinir akautoa mkono mfukoni, mtupu. "Kunywa chai," akamwambia.

Wa tisa alikuwa Pauline, mkunga mstaafu kutoka Wolverhampton, na huyu alikuwa ovyo kabisa. Alijaribu mara kumi na moja. Makombo yaliruka hadi kwenye sweta ya Meinir. Akayapangusa, akaomba radhi, akajaribu tena uso umemwiva. Eurig aliamua kutazama viatu vyake. Mwishowe Meinir akamuuliza, akiipata nyumba, lango atalifanyaje.

"Nitalipaka rangi," Pauline akasema. "Kibao nakiacha. Nikikitoa nitajifunzia wapi?"

"Bi Meinir, huyu kafeli," Eurig akanong'ona kwa Kiwelisi, lugha yao.

"Kafeli vibaya mno," Meinir akajibu. "Andaa makaratasi."

Sasa Meinir anaishi mjini, karibu na dada yake. Kwenye mashamba ya huku, anayepokea simu hutaja kwanza jina la shamba. Kila Jumapili baada ya ibada Meinir humpigia Pauline, na hakosi kisingizio: bomba, kuku, ufunguo wa ghala. Upande wa pili mtu anavuta pumzi, anapuliza, anakwama, anaanza upya. Meinir hucheka mpaka machozi yamtoke, na si yote ya kicheko. Hamsaidii hata kidogo. Anangoja jina liishe lote, ndipo aulize habari za kuku.