Kizibo cha Tisa

Yuliana alikuwa na ulimi, na mtaa mzima wa Bigwa ulijua. Mboga zake zilinunuliwa kwa kuwa nzuri, lakini wapo wateja waliokuja gengeni kwake ili tu wasikie leo anasemwa nani. Aliyesemwa kuliko wote alikuwa jirani yake, Mwalimu Athumani, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Morogoro kufundisha hesabu, akastaafia hapo hapo. Yuliana alikuwa Mluguru, na Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hana hodi. Athumani aliingia jikoni kwa Yuliana akafunua sufuria bila kuulizwa. Yuliana alipita barazani kwa Athumani akamwambia mkewe, Bi Fatuma, kwamba amechelewa sana kudai talaka. Miaka kumi na tisa waliishi hivyo, wakisemana asubuhi na kupelekeana mchuzi jioni.

Mwalimu alikuwa na paka jike, rangi ya majivu, jina lake Malkia. Paka huyo alipenda kulala kwenye stoo ya Yuliana, juu ya magunia ya mahindi. Asubuhi moja, mbele ya wateja kama sita, Yuliana akapaza sauti juu ya ua.

"We Mnyamwezi! Paka wako kahamia kwangu. Panya hashiki, kazi yake kulala tu. Nimemnunulia sumu. Keshokutwa uje na jembe!"

"Sumu ya nini tena?" akajibu Athumani. "Huo ulimi wako Mluguru unatosha kumaliza paka wa mkoa mzima!"

Watu wakaangua kicheko, nao wakasahau.

Sumu kweli alikuwa nayo, ila ya panya. Magunia mawili yalikuwa yameshatobolewa, na Yuliana hakulima mlimani kwa kupanda na kushuka ili alishe panya. Akafanya kama mama yake alivyomfundisha: akakaanga dagaa, akawachanganya na ile dawa, akawagawa kwenye vizibo vya soda na kuvitega huku na huku. Siku ya tatu Malkia akakutwa amekufa chini ya mpapai, pembeni yake nusu ya panya. Hakugusa dagaa hata mmoja. Alikuwa ameshika panya aliyekula dagaa, masikini, tena baada ya kusemwa kwamba hashiki. Lakini nani angesikiliza maelezo hayo baada ya tangazo la hadharani? Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Athumani alikuja na jembe.

Yuliana alimfuata pale pale kaburini. "Mwalimu, sikumtega yeye. Nilitega panya. Yale maneno yalikuwa utani tu."

"Nimesikia, Mama Kasiani," akasema Athumani kwa upole.

Upole huo ndio uliomchoma. Miaka yote kumi na tisa mtu huyu hakuwahi kumwita kwa jina la mwanawe. Alimwita Mluguru, alimwita mchawi wa mchicha, alimwita mengine ambayo hayaandikiki. Sasa alikuwa Mama Kasiani, kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Kesho yake Yuliana akamwamkia "Shikamoo Mwalimu," naye akaitikia "Marahaba" na kupita. Jikoni kwake hakuna aliyefunua sufuria tena.

Siku hiyo hiyo akasikia vilio nyuma ya magunia. Vitoto vitatu vya paka, macho wazi, miguu bado haijui inakokwenda. Kumbe Malkia hakuwa mvivu, alikuwa mzazi. Yuliana alikaa chini kwenye pumba akalia. Kisha akavitia kwenye kapu, akavipeleka ng'ambo ya ua.

Athumani aliviangalia muda mrefu. Akataka kunyoosha mkono, akaurudisha.

"Wakae huko huko walikozaliwa," akasema. "Mama yao aliona kwako ni salama."

Neno hilo Yuliana alirudi nalo nyumbani kama mwiba wa kidole. Akajiapia kwamba hivyo vitoto vitaishi, vyote vitatu, na Mnyamwezi yule atakuja kuviona vimenona. Bwana mifugo alimwonya asivipe maziwa ya ng'ombe kwa kuwa yataviharisha, basi akaagiza maziwa ya mbuzi kwa jamaa zake wa mlimani, akayazimua kwa maji, akavinywesha kwa pamba. Aliviweka kwenye boksi jikoni, na kuzunguka boksi akamwaga majivu, kwa sababu mvua za Mei zinaleta siafu na siafu hawana huruma na kiumbe asiyeweza kukimbia. Pipa la maji akalitafutia mfuniko. Jiko la mkaa akalipandisha juu ya matofali. Nyuzi za kushonea, ambazo paka akimeza ni kifo, akazifungia kabatini. Alifanya kazi kwa hasira, akijisema mwenyewe kwa kukosa mwingine wa kumsema.

Lakini palikuwa na jambo moja lililomnyima raha. Alikuwa ametega vizibo tisa. Hesabu aliikumbuka vizuri, maana vilitokana na soda tisa walizokunywa wageni wa kipaimara cha mjukuu wake. Siku aliyokufa Malkia alivikusanya na kuvizika, akapata vinane. Wakati ule hakujali. Sasa vitoto vilikuwa vimejifunza kupanda ukingo wa boksi na kudondokea nje, pua chini, vikinusa kila kitu. Na paka gani atapita dagaa?

Alitoa magunia yote uani. Akainua kitanda, akahamisha kabati, akamulika tochi chini ya kila kitu chenye chini. Siku tatu alitafuta. Boksi alilifunika kwa kichanja cha kuanikia vyombo, na vitoto vikawa vinalia humo kama wafungwa. Siku ya nne akavua kanga ya kazi, akavaa ya heshima, akaenda ng'ambo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kasiani."

"Nimekuja kusema ukweli. Nilitega vizibo tisa, nimepata vinane. Cha tisa kimo ndani na sijakiona. Wale watoto wanaanza kutembea. Nilitaka nikuonyeshe kwamba kwangu wako salama, Mwalimu, lakini hawako salama. Wachukue wewe. Mimi nikiua na hawa sitaweza kuishi."

Athumani alikuwa anasoma gazeti. Alilikunja mara mbili, taratibu, akaiweka sawa miwani yake.

"Umetafuta wapi?"

"Kila mahali."

"Kila mahali si jibu la hesabu," akasema, akainuka. "Twende."

Alitafuta kialimu. Alianzia mlangoni, mkono wa kulia ukutani, hatua kwa hatua, hakuruka kona wala ufa. Stoo, jikoni, chumbani. Yuliana alimfuata nyuma na tochi. Walipofika sebuleni Athumani akasimama mbele ya kimeza cha kona, kilichotandikwa kitambaa cheupe kilichoshuka hadi sakafuni. Juu yake palikuwa na sanamu ya Bikira Maria, mishumaa miwili, na matawi makavu ya Jumapili ya Matawi. Mikono akaiweka nyuma.

"Na hapa?"

"Hapo ni mahali pa sala," akasema Yuliana. "Hapo hapapekuliwi."

"Naona. Panya anajua?"

 Yuliana akapiga ishara ya msalaba, akapiga magoti na kuinua kitambaa. Chini yake palikuwa na kiota, kitanda kizima cha matawi matakatifu yaliyotafunwa yakawa laini kama pamba. Katikati ya kiota alilala panya aliyekauka, na mbele ya pua yake kizibo chekundu alichokiburuta humo, chenye dagaa watatu.

 Athumani aliinama, akatazama juu ya miwani, kama anayesahihisha daftari.

"Mluguru," akasema hatimaye, "kumbe hata panya wako ni Wakatoliki. Huyu alikuja kutubu."

Yuliana alicheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni miguu imenyooka, kanga ya heshima ikizoa vumbi, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka bila aibu. Jibu alikuwa nalo, tena kali, kuhusu Wanyamwezi na mizigo waliyowabebea watu wengine. Akaliweka la kesho. Alikuwa ameukosa utani wa mtu huyu kuliko alivyothubutu kujiambia.

Athumani hakumngoja. Alikizoa kizibo na panya wake kwa kipande cha gazeti, akaenda kuvizika, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni. Kisha akaingia jikoni kwa Yuliana, akafunua sufuria, akakunja uso kwa alichokiona humo, akainamia boksi. Aliondoa kichanja na kulilaza boksi ubavu, mdomo ukaelekea mlangoni.

Vitoto vikatoka nje.