Rangi Mbichi

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya benchi, chaki mkononi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu wa bi harusi, akiuzungushia duara ubao uliooza, pale sauti ilipomjia kutoka meza ya drafti.

"Bi Tepu, hilo benchi unaliagua au unalizika?"

"Nalipima ugonjwa, Kingi. Cheza drafti yako."

"Ukimaliza njoo unichoree na mimi duara hapa kiunoni. Nimeoza kuliko huo ubao, ila mimi sina wizara ya kunijali."

Wachezaji wenzake wakacheka. Kingi alikuwa dereva mstaafu wa gari la taka, na tangu astaafu alikuwa hajakosa asubuhi hata moja kwenye meza ile. Bi Tepu alitabasamu, akaandika namba ndani ya duara, akanyanyuka akijipangusa magoti.

Yeye ndiye aliyekuwa afisa bustani wa jiji. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani walimjua kwa tepu yake. Jiji lilikuwa limeiomba serikali kuu ruzuku ya kutengeneza bustani hii, na yeye ndiye aliyeandaa maombi. Bembea zilikatika, taa zilizimika, bomba lilikufa, njia ilipasuka mpaka mizizi ikachungulia. Kila kibovu kilipewa namba yake kwenye maombi, na asubuhi hii alikuwa akiziandika namba zile zile kwa chaki juu ya vitu vyenyewe, ili mkaguzi akija alasiri atembee duara kwa duara bila kuuliza mtu. Wazo hilo lilikuwa lake na alilipenda kimyakimya, kama mtu anavyopenda chai yake mwenyewe.

Alikuwa na sababu ya kufanya kwa uangalifu. Baraza la jiji lilishasema wazi: ruzuku ikikosekana, geti litapanuliwa na mahali pale patageuzwa maegesho. Si kwamba baraza liliichukia bustani. Magari tu yalikuwa mengi, na magari hayaombi ruzuku.

Alipochora duara la mwisho, kwenye bomba lililokuwa halijatoa tone tangu mwaka juzi, aliitazama kazi yake akaridhika. Kisha akaenda ofisini kumsubiri mgeni.

Kosa lilikuwa limeshafanyika usiku uliopita, mezani, na hakulijua. Bi Tepu aliishi na shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Wakila, alikuwa amesema, "Kesho tuna mgeni bustanini, shangazi. Mkubwa kutoka wizarani. Bustani kupona au kufa ni kesho." Kisha akapiga miayo, akaenda kulala.

Hakuongeza neno. Naye shangazi, katika maisha yake yote, alikuwa na sheria moja kuhusu wageni: mgeni haoni kibovu. Kitasa cha mlango kikiharibika, mlango uliachwa wazi kutwa, mgeni akaambiwa nyumba hii haina siri. Kiti kikiwa na mguu mbovu, shangazi alikikalia mwenyewe jioni nzima, mgongo wima, bila kujitikisa, hadi mgeni aage. Tena bustani ile ilikuwa kama sebule yake ya pili. Tangu goti lake lifanyiwe upasuaji, alitembea humo kila alfajiri na kundi la wanawake wa mazoezi, na kundi hilo lilimtii kuliko lilivyomtii daktari. Usiku huo huo simu zilianza kulia nyumba kwa nyumba.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye suruali ya kijivu iliyopigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata mkate. Ndani ya gari la ofisi hakusema mengi.

"Nimeona picha zenu," alisema. "Hali ni mbaya kweli?"

"Utajionea mwenyewe, bwana mkaguzi. Nimekuwekea alama kila mahali."

Gari likasimama getini. Bi Tepu akashuka, akatazama, akahisi kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa bahati mbaya.

Bustani iling'aa. Mabenchi yalikuwa kijani kibichi kama majani ya mgomba. Njia ilifagiwa na nyufa zake kujazwa mchanga, ukapigwapigwa hadi ukalala sawasawa. Bembea zilisimama kwenye minyororo iliyochomelewa. Kando ya njia yalichanua maua ambayo jana hayakuwepo, na ukitazama vizuri uliona midomo ya makopo ya rangi ikichungulia kutoka ardhini. Wanawake wa mazoezi walikuwa wamejipanga mstari, wamejifunga lesso safi. Hapakuwa na duara la chaki hata moja.

"Karibuni, karibuni," shangazi alisema. Yeye hakusimama. Alikuwa ameketi pembeni mwa benchi, juu ya gazeti, mgongo wima, bila kujitikisa. Bi Tepu akajua papo hapo ubao uliooza uko wapi.

"Shikamoo, mama," mkaguzi akasema, na kwa neno hilo moja akawa mtoto wa mtu.

"Marahaba, mwanangu. Safari ilikuwaje? Umekula? Mbona mwembamba hivyo, wizara haina jiko?"

Bi Tepu akamwinamia sikioni. "Shangazi, maduara yangu yako wapi?"

"Yale madoa ya chaki? Kuna watoto watundu mtaa huu, hawana wazazi. Tumesugua mpaka mikono ikauma."

"Niliyachora mimi."

Shangazi akamtazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. "Uliichafua bustani siku ya mgeni?"

Mkaguzi alikuwa ameshatoa karatasi zake na kuanza kuzunguka. Fundi Cheche, mchomeleaji wa karakana ya jirani, alimfuata karibu, amevaa ovaroli yake yenye matundu ya moto.

"Bembea hizi zimeandikwa kwamba zimekatika," mkaguzi akasema.

"Zilikatika asubuhi," Fundi Cheche akajibu kwa fahari. "Sasa hata tembo abembee."

"Na taa?"

"Zinawaka," wanawake wakaitikia kwa pamoja, kama darasani. Ilikuwa alasiri ya jua kali, na hakuna aliyeweza kuwabishia.

Kila alichouliza kilikuwa kizuri, kizima, hakijambo. Bi Tepu alitembea nyuma yao akitafuta neno. Kusema kweli kulikuwa rahisi, sentensi moja tu. Ila sentensi ile ingemwambia mgeni, mbele ya kadamnasi, kwamba shangazi yake ni mwongo. Kunyamaza nako kungeyafanya maombi yake yawe uongo, na geti lipanuliwe.

Mkaguzi akachoka, akajitupa kwenye benchi la karibu kuandika.

"Bwana mkaguzi, hapo—" Bi Tepu akaanza.

Alikuwa amechelewa. Mgeni aliposimama, suruali ya kijivu ilikuwa na mistari ya kijani nyuma, imepangika vizuri kama daftari la shule. Aliigusa, na viganja navyo vikawa kijani. Hata drafti ilisimama.

"Naomba maji ninawe," akasema polepole.

Shangazi, bado amekaa, akaonyesha kwa kidevu. Mmoja wa wanawake akakimbilia bomba, akafungua, na maji yakatoka, meupe, mengi, yenye kelele. Mkaguzi hakunawa kwanza. Aliyatazama.

"Dada," akamwambia Bi Tepu, kwa upole uliouma kuliko hasira, "mmeandika bomba hili limekufa. Mabenchi yameoza, bembea zimekatika, maji hakuna. Mimi naona kila kitu kipo. Iko miji inalia kwa shida ya kweli. Nitaandika nini?"

Wanawake wakatazama chini. Fundi Cheche alijifanya anakagua mnyororo. Bi Tepu akamtazama shangazi yake, naye shangazi akatazama mbele, wima.

"Wewe nawa tu," Bi Tepu akasema. "Ila naomba bomba lisifungwe."

"Litamwaga maji bure."

"Lisifungwe. Tusubiri kidogo."

Basi wakasubiri. Mkaguzi alinawa, rangi ya mafuta ikagoma, akasugua tena. Maji yakaendelea kububujika, yakafuata njia, yakachukua mchanga uliojazwa kwenye ufa wa kwanza, kisha wa pili. Mizizi ikaanza kuchungulia. Kopo moja la maua likainama polepole kama mtu anayesinzia msikitini. Kisha bomba likapunguza sauti. Likatoa uzi mwembamba. Likakohoa, likatema tone moja, likanyamaza.

Juu ya mnara wake wa chuma, tangi tupu la bomba hilo likatoa mlio.

"Ndoo," Kingi akasema kutoka mezani, akiwa hata hakuinua macho. "Tangu Bi Tepu aende ofisini wanapanda ngazi na ndoo. Nilidhani ni mazoezi mapya. Mimi nimenyamaza, lakini mficha uchi hazai."

"Na mfunua uchi je, anazaa mapacha?" shangazi akamrudi.

Mtu mmoja alicheka, halafu wengine, na mkaguzi mwenyewe akaangalia pembeni akiuma mdomo. Shangazi hakucheka. Alimwita Bi Tepu kwa kidole.

"Umeniumbua mbele ya mgeni."

"Sikusema neno, shangazi."

"Ndiyo maana naiona akili yako. Lakini umeniumbua." Akavuta pumzi. "Jana kwa nini hukunieleza kwamba huyu hakuja kupokewa, amekuja kuona ugonjwa?"

"Nilidhani unajua."

"Mimi nitajuaje mambo ya wizara? Ukiniambia mgeni, nafagia."

Shangazi alikaa kidogo akitazama maji yakipotelea kwenye nyufa. Kisha akafanya jambo ambalo Bi Tepu hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya mgeni yeyote: akasimama. Mkono aliojiinulia ukaulemea ubao uliooza, nao ukalia na kukatika katikati, gazeti likatumbukia ndani.

"Haya, mwanangu," akamwambia mkaguzi. "Kiti chetu ndicho hiki. Lete chaki, wewe."

Akaichukua chaki, akainama kwa goti lake zima, akachora duara. Chaki iliteleza juu ya rangi mbichi, ikaacha kovu la kijani lisilo na umbo. Akajaribu tena, akachafuka hadi kiwiko.

"Haishiki," akasema.

"Haitashika mpaka rangi ikauke," Fundi Cheche akasema. "Kesho asubuhi."

Mkaguzi akazitazama karatasi zake. "Nilipaswa kupanda basi jioni hii. Na bado sijaona taa. Hizo zinaonekana giza likiingia tu."

"Utapanda basi na suruali hiyo?" shangazi akauliza. "Abiria watadhani umekalia kasuku. Ivue, niiloweke kwenye mafuta ya taa. Fundi, mpe mgeni ovaroli yako."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Suruali imeharibikia kwenye benchi langu. Kesho utaipata, imepigwa pasi, na bustani utaikuta ilivyo, na kila kibovu kina duara lake. Nitakutembeza mwenyewe. Ukinikuta nimekalia kitu, niambie nisimame."

Mgeni wa wizara akaingia kibanda cha mtunza geti, akatoka ndani ya ovaroli yenye matundu ya moto, karatasi kwapani. Kingi akamsogezea kiti kwenye meza ya drafti.

"Fundi mpya huyo," akasema. "Ukae, tulingoje hilo giza."

Walilingoja. Lilipoingia, nguzo zote za taa zilisimama kama zilivyo, hakuna hata moja iliyopepesa, na wanawake walioapa kwamba taa zinawaka wakawa wa kwanza kumulika njia kwa simu zao. Mkaguzi akaandika kitu kwa mwanga wa simu ya shangazi. Bi Tepu hakujaribu kuchungulia.

Walipotawanyika, shangazi alishika njia ya nyumbani na suruali ya kijivu imekunjwa mkononi kama barua muhimu. Njiani akageuka.

"Maua yangu je? Niyang'oe?"

"Yaache, shangazi. Hayamo kwenye maombi."

"Na yule mkaguzi, wamwonaje?"

"Hajasema ndiyo, hajasema hapana."

"Hatakwenda popote bila suruali," shangazi akasema, akaendelea kutembea. "Chaki zimebaki ngapi?"

Bi Tepu akatia mkono mfukoni. Kilikuwepo kipande kimoja, kifupi kama kidole gumba, kijani upande mmoja. Kesho ingebidi waanzie dukani.