Baiskeli ya Ukutani

Clifford Garbutt hakuwa na gari. Hakuwa na leseni, hakuwa na mke wa kumwamsha, hakuwa na jirani wa kumpa lifti alfajiri, na tangu Jumatatu ile fremu ilipokatika chini ya tandiko, hakuwa hata na baiskeli. Alichokuwa nacho ni kazi ya kuwasha tanuri katika kiwanda cha biskuti, na tanuri hizo sharti ziwake saa kumi na moja kamili. Basi la kwanza mjini Hull, Uingereza, lilipita mtaani kwake saa kumi na moja na nusu.

Kwa hiyo alitembea maili sita kwa miguu, mtu wa miaka hamsini na tisa mwenye goti bovu. Wiki hiyo alichelewa mara mbili. Ijumaa akapewa barua ya onyo: akichelewa tena, kazi hana.

Ukutani pa kantini palikuwa na bango la mpango wa baiskeli. Kampuni inakununulia baiskeli, nawe unakatwa mshahara kidogo kidogo kabla kodi haijaguswa, ili serikali itoze kile kilichobaki tu. Clifford, aliyeendesha baiskeli kwenda kazini miaka thelathini na moja katika mvua ya aina zote, aliona kwamba safari hii bango limemtaja yeye. Akajaza fomu kwa herufi kubwa.

Afisa utumishi, Philippa Stroud, alimwita akampa kiti. Alikuwa na ule upole wa watu waliozoea kunyima. Alimweleza kwamba analipwa kima cha chini cha sheria, na kikikatwa hata peni moja kampuni itakuwa imevunja sheria. Basi hawezi kuingia kwenye mpango.

"Sheria inakulinda, Cliff."

"Inanilinda na nini?"

"Na kulipwa kidogo mno."

"Na anayenilipa kidogo ni nani, bibie?"

Philippa alitazama saa yake.

Walioweza kuingia ni watu wa ofisi za ghorofani, na kadiri mshahara ulivyonenepa ndivyo msamaha wa kodi ulivyonenepa nao. Mkurugenzi, Rupert Hanmer, miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa amejichukulia baiskeli nyeusi ya pauni elfu nne, nyepesi kama ungo. Akaitundika ukutani ofisini mwake kwa kulabu mbili, akaendelea kuja kazini kwa gari lenye ukubwa wa chumba cha kulala. Wageni walipofika walionyeshwa baiskeli kwanza, biskuti baadaye.

Maureen Skelton wa mashine ya kufungasha alisikia habari ya fomu akiwa anakula mkate wake uliojazwa chipsi.

"Jifanye tajiri kidogo, babu," alimwambia. "Ukishaweza kununua baiskeli mbili, ndipo watakusaidia kununua moja."

Wiki mbili Clifford alitoka nyumbani kabla hata paka hawajarudi. Hakuchelewa, lakini goti lilivimba hadi suruali ikakataa kupita, naye alijua kwamba siku ya tatu ya kuchelewa iko njiani.

Ndipo Philippa akamwita tena. Kampuni ilikuwa inawania tuzo ya waajiri wanaowajali waendesha baiskeli, na majaji wa London walitaka picha ya mfanyakazi pamoja na ushuhuda wake. Katika wote walioingia kwenye mpango hakupatikana hata mmoja aliyewahi kufika kazini kwa baiskeli. Hapo wakamkumbuka Cliff. Ushuhuda ulikwisha kupigwa chapa: mpango huu umeyabadilisha maisha yangu. Kilichobaki ni sahihi. Akitia sahihi, ile barua ya onyo itatolewa kwenye faili lake.

"Na baiskeli nitapewa?"

"Ya kupigia picha."

Baiskeli ya mkurugenzi iliteremshwa ukutani, ikasimamishwa kwenye majani mbele ya lango. Hanmer alikuja mwenyewe, mikono mfukoni, akasimama kando ya Philippa na mpiga picha. Clifford alipitisha mguu, akaketi juu ya tandiko ambalo bado lilikuwa limevikwa nailoni ya dukani. Akatafuta pedali kwa mguu wa kulia, ukaangukia hewani. Akatafuta kwa wa kushoto, hewani pia.

Baiskeli za bei ile huuzwa bila pedali, kwa sababu mwendeshaji wa kweli huchagua zake akazifunga. Hanmer alikuwa ameitazama yake miezi minane, wala hakuona kilichopungua. Clifford alimtazama yeye, akamtazama Philippa, akamtazama mpiga picha. Hakuna aliyeona.

"Umekaa vizuri, Cliff?" aliuliza Hanmer.

"Vizuri mno, bwana mkurugenzi."

"Basi tabasamu."

Alitabasamu, na halikuwa tabasamu la kuazima.

Kesho yake aliomba kuupeleka ushuhuda nyumbani akausome kwanza. Philippa, aliyedhani kwamba asomaye polepole hafahamu, alimpa pamoja na picha na bahasha yenye anwani ya majaji na stempu. Akisha kutia sahihi, alimwambia, aiposti tu.

Jikoni kwake Clifford aliiweka barua ya onyo kando ya ushuhuda. Sahihi moja, na kazi yake ingesalimika. Akawaza kuhusu miezi minane ya kutazama kitu bila kukiona, na watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wakimpimia dakika zake. Akaugeuza ushuhuda, akaandika nyuma yake kwa mwandiko safi:

"Waheshimiwa majaji, nimekwenda kazini kwa baiskeli miaka thelathini na moja. Sasa naenda kwa miguu, kwa kuwa mshahara wangu ni mdogo mno hata nisiweze kusaidiwa. Baiskeli hii ya pichani ni ya mkurugenzi. Nawaomba mtazame vizuri mahali ambapo miguu yangu ingekanyaga. C. Garbutt, wa tanuri."

Aliutia ushuhuda huo na picha ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa ngumi. Kisha akachechemea hadi kwenye sanduku jekundu la posta pale kona, akaitumbukiza. Stempu ilikuwa ya kampuni.