Lililosemwa Mezani

Kuna mtu ukimkanyaga mguu kwa bahati mbaya anakwambia, "Samahani, mguu wangu ndio ulikuwa njiani." Na kuna ambaye atakungoja mwaka mzima akukanyage na yeye, tena siku hiyo atavaa viatu vya kisigino. Fundi wa cherehani wa duka la kona alikuwa wa aina ya pili, na hakuwahi kukana. "Mimi sina kinyongo," alikuwa akisema huku akitia uzi sindanoni. "Kinyongo ni cha watu wanaosahau wamekiweka wapi. Mimi changu nakijua kilipo."

Aliyemkanyaga alikuwa mfamasia, na alimkanyagia mezani.

Wote wawili walikuwa wanachama wa chama cha mchezo wa kusimulia. Mchezo wenyewe si karata wala si bao. Mnakaa mezani watu wanne, watano, mmoja ndiye msimulizi: anawaambia mko wapi, mnaona nini, nani anawatolea macho. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema huyo mhusika anafanya nini, na pale penye shaka dadu hurushwa. Uzuri wa chama hiki, na ubaya wake pia, ni kwamba meza zilikuwa nyingi, mtaa huu na mtaa ule, lakini nchi waliyoisimulia ilikuwa moja. Daraja likivunjika kwenye meza ya saluni, watu wa meza ya gereji wakifika hawalikuti. Mhusika akifa meza moja amekufa meza zote. Habari hizo zilitangazwa kwenye kundi la simu, na mtangazaji alikuwa Mratibu wa chama, yule mfamasia. Kila tangazo alilifunga kwa neno "Nukta", kama mtu anayebamiza mlango, mpaka neno likamganda likawa jina lake.

Mhusika wa Fundi aliitwa Kiroboto. Kusema kweli alikuwa wa mdogo wake. Mdogo wake ndiye aliyemzaa: mwizi wa sokoni, mwepesi, mcheshi, asiyeiba kwa maskini. Alipougua ugonjwa wa kutopona akamwita dada yake kitandani. Watu walidhani atausia vyombo na nguo. Akasema, "Dada, Kiroboto asilale njaa." Baada ya maziko Fundi, ambaye siku zote aliuona mchezo ule ni wa watu waliokosa kazi, akaenda akakalia kiti cha marehemu. Alipofungua kinywa, Kiroboto akatoka na kicheko kilekile cha mdogo wake. Dereva mmoja wa lori, mtu mnene waliyemwita Bonge, akajifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Kiroboto akaishi hivyo misimu kadhaa, mpaka alipoketi kwenye meza ya Nukta.

Siku hiyo wahusika walikuwa wamebanwa kwenye ua wa ngome, mlango mmoja na kisima katikati. Wachezaji wakabishana. Tuvunje mlango, tusivunje, tungoje giza, tusingoje. Ubishi ukazaa ubishi. Fundi, aliyekuwa ameshona tangu alfajiri na kichwa kinamgonga, akasema, "Jamani ee, kwa kelele hizi bora Kiroboto azame kisimani akapate utulivu!"

Watu wakacheka. Nukta hakucheka.

"Lililosemwa mezani limetendwa," alisema. "Kiroboto ameingia kisimani. Rusha dadu."

"Ndugu yangu, natania!"

"Rusha."

Akarusha. Dadu nazo zina siku zao. Ikaja moja, namba ya chini kuliko zote.

Hata hivyo si kifo kilichomchoma. Watu hufa, na wahusika hufa. Kilichomchoma ni tangazo. Alikuwa bado hajavua viatu nyumbani simu ikalia: *Kiroboto amezama kisimani kwa hiari yake. Mdomo uliponza kichwa. Nukta.* Na pembeni, sura tatu za njano zinazocheka hadi machozi. Fundi akaandika kundini kwa adabu, akaeleza, akaomba jambo litazamwe upya. Jibu likaja: *Kanuni haina shangazi.* Watu wakabandika vicheko vyao. Kiroboto wa mdogo wake akawa kichekesho cha wiki nzima, ukikosea neno, unaambiwa, "Angalia usije ukazama!"

"Mama, yaache," mkwe wake, msusi aliyekuwa anacheza naye, alimwambia Fundi. "Tutakuundia mhusika mwingine."

"Mwanangu, kitendawili."

"Tega."

"Nikimla mbichi ananiuma tumbo, nikimla kapoa ananishibisha."

Mkwe akafikiri. "Muhogo?"

"Kisasi," alisema Fundi, akakata uzi kwa meno.

Alikuwa amekwisha kujua anachokitaka. Nukta naye alikuwa na kipenzi chake: mji. Mhusika wake alikuwa mtawala wa Jiwejeupe, mji alioujenga msimu baada ya msimu, ukuta kwa ukuta, kisima kwa kisima. Alikuwa akiutaja dukani kwake akihesabia watu vidonge. Kwenye mkutano wa kufunga msimu, meza zote zikikutana ukumbi mmoja, mtawala wa Jiwejeupe angetawazwa kuwa mfalme wa nchi nzima. Fundi alitaka jambo moja tu: Nukta aingie ukumbini hana mji.

Lakini atamfikiaje? Nukta alichagua meza zake kwa uangalifu, za watu wanaomwogopa. Ila kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuweza kuukwepa, kwa kuwa aliuweka mwenyewe: msimulizi mpya akianza kazi, Mratibu lazima aketi kwenye meza yake ya kwanza na mhusika wake, ili kumpima.

Basi Fundi akaomba kuwa msimulizi.

Alijifunza kanuni kama anavyojifunza kitambaa kigeni, kwa kukipapasa kabla ya kutia mkasi. Nukta akamhoji, akampitisha, akafurahi hata kuandika kundini: *Dada Fundi ameonyesha moyo wa kukubali yaliyopita.* Mkwe akamwonyesha ujumbe ule. Fundi akausoma akiwa na pini mdomoni, akatabasamu bila kuzitoa.

Kisa cha msimu huja kimoja kwa meza zote, kimekwisha kuandikwa. Msimulizi habadilishi ovyo. Ila kisa cha mara hii kilikuwa na nafasi moja wazi: wahusika wakifika kwenye lango la mlimani, msimulizi aweke mlinzi amtakaye, na mtihani autakao. Fundi akapasoma hapo, akafunga karatasi. Usingizi wa wiki hiyo ulikuwa mtamu.

Walichezea dukani kwake, kwenye meza ya kukatia nguo. Alifagia vipande vya vitambaa, akasukuma cherehani ukutani, akafuta alama za chaki. Wakaja watatu: Bonge, mkwe, na Nukta mwenyewe, koti la duka la dawa mkononi, dadu zake ndani ya kikopo cha vidonge.

"Karibu, Mratibu. Kaa hapo penye mto."

"Ahsante, dada Fundi. Usiwe na wasiwasi. Leo mimi ni mchezaji tu."

"Kama mchezaji tu, toa kiwiko kwenye rula yangu."

Bonge akaguna kwa kicheko. Mchezo ukaanza, na Fundi alisimulia vizuri, lazima isemwe. Mlima ukapanda mbele yao, upepo ukawapiga, kokoto zikateleza chini ya miguu yao, hadi Bonge akajikuta anashika ukingo wa meza. Nukta mwenyewe akasahau kupima. Alikuwa amesogea mbele kama mtoto anayesubiri uji upoe.

"Mmefika kwenye lango," alisema Fundi. "Limefungwa. Mbele yake ameketi bikizee, kibogoyo, kajifunika shuka. Hana silaha. Anawatazama, anasema: Kitendawili!"

"Tega!" waliitika wote watatu kwa pamoja. Nani asiyeitika? Neno hilo mtu hulinyonya na maziwa.

"Ana jicho moja na haoni."

"Sindano!" alisema mkwe. "Mama, hicho umekitoa hapo kwenye droo."

"Bikizee anacheka. Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila akioga anakonda."

Bonge akakuna kidevu. "Mimi kila nikioga nanenepa... Sabuni!"

"Sabuni. Bikizee anasema: mna akili. Sasa namtaka yule mwenye taji, anayesimama nyuma ya wenziwe. Kitendawili!"

Nukta akajiweka sawa kwenye mto. "Tega, bibi."

"Nyumba yangu ina mlango mmoja. Atokaye harudi, na nyumba haipungui watu."

Nje, mtu alikuwa akivuta toroli la maji, gurudumu likilia.

"Moshi," alisema Nukta.

"Moto ukizimika moshi umekwisha. Siyo."

"Pumzi."

"Pumzi hutoka ikarudi. Ingekuwa hairudi usingekuwa hapo."

"Basi... mshale. Podo na mshale."

"Podo huisha mishale. Siyo."

Nukta akakunja uso, akaangalia dari, akahesabu vidole. Mkwe akaanza kucheka chinichini, Bonge akampigia meza: "Mratibu! Mratibu! Kabanwa!" Na Fundi, kwa sauti nyembamba ya bikizee, mkono umenyooshwa kiganja juu kama bibi yeyote jikoni na wajukuu zake, akasema:

"Umeshindwa. Nipe mji."

Sasa, mtu akishindwa kitendawili hutaja mji wowote, wa mbali, asioujua hata kwa picha, apewe jibu maisha yaendelee. Lakini mwenye kujivuna ukimwambia taja kitu, atataja chake. Fundi alikuwa ameweka dau lake lote hapo. Nukta akatupa mikono juu, akacheka, kicheko cha mtu aliyerudi utotoni.

"Haya, chukua Jiwejeupe, bibi! Tupe jibu!"

Fundi alichukua chaki, akaiweka sambamba na rula. Kisha akaiacha sauti ya bikizee, akasema kwa yake mwenyewe:

"Jibu ni neno. Likitoka halirudi. Na Jiwejeupe nimepokea."

Bonge alikuwa wa kwanza kuelewa. Akasema "Mama yangu!" polepole sana.

"Umepokea nini?" Nukta bado alikuwa na mkia wa kicheko usoni.

"Mji. Umempa bikizee mji. Lililosemwa mezani limetendwa."

"Dada, hiyo ni desturi tu ya vitendawili! Nilikuwa natania."

"Na mimi nilikuwa natania."

Hapo kicheko kikamtoka usoni chote. Akamtazama mkwe, mkwe akatazama kucha zake. Akamtazama Bonge.

"Mimi nimesikia," alisema Bonge. "Siwezi kusema sikusikia. Nina masikio makubwa kama haya."

Fundi akaegemea meza kwa mikono miwili. Sauti aliishikilia kama mtu ashikaye pindo lisiteleze. "Wewe ndiwe Mratibu. Mwenye kuamua ni wewe, mimi nani? Kama kanuni ipo, tangaza kundini kwamba mji una mwenyewe mpya. Kama mtu akitania hahesabiwi, tangaza hivyo pia, useme na juu ya Kiroboto ulikosea. Kiroboto atoke kisimani, wewe ubaki na mji wako. Chagua. Nitakungoja, sina nguo ya haraka leo."

Nukta akatoa simu. Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Fundi alikuwa na hakika atachagua njia nyepesi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akajiruhusu kumwona Kiroboto akipanda kutoka kisimani, amelowa, anacheka. Neno moja tu. Nilikosea. Mtoto wa chekechea hulisema akila.

Simu za wale wengine watatu zikalia mezani kwa wakati mmoja.

*Mji wa Jiwejeupe nimeutoa kwa kauli yangu. Sasa ni wa bikizee wa lango la mlimani. Kanuni ni kanuni.*

Mkwe alisoma kwa sauti. Fundi akausoma mwenyewe mara mbili. Mtu yule alikuwa radhi kutoa mji mzima, kuta na visima na watu wake, kuliko kutoa neno moja. Basi Kiroboto atabaki alipo. Akataka kulia, akaona hapana, machozi yangu huyu hayapati. Kundini tayari vicheko vilikuwa vinamiminika, sura za njano safu kwa safu, mmoja kaandika: *Mratibu kalipa nauli ya kitendawili kwa mji!*

"Umeridhika, Mama?" mkwe alinong'ona.

"Bado nakula," alisema Fundi.

Nukta akaiweka simu kifudifudi. Hakuondoka, hilo tumpe, hakuondoka. Akakusanya dadu zake, akakohoa. "Haya. Tuendelee. Lango si limefunguka? Naingia."

"Wenzako wameingia. Walijibu," alisema Fundi, na sauti ya bikizee ikarudi, nyembamba, tamu kama asali. "Wewe nani?"

"Mimi ni mtawala wa..." Akasita. "Mimi ni msafiri."

"Msafiri huomba njia."

Bonge akaangalia sakafu. Nukta akakizungusha kikopo cha dadu.

"Naomba njia."

Fundi akachukua kitambaa kilichokuwa karibu, akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, bila haraka yoyote.

"Bikizee anaweka kiganja sikioni," alisema. "Hajasikia."